Baba kashuka kwenye lori

Kikundi: Familia ya Kihonda

JUMAMOSI

Mama: Hamjambo wanangu. Baba yenu kaamka saa tisa usiku tena. Kazunguka nyumba na tochi, anabonyezabonyeza matairi ya baiskeli ya Kelvin. Namuuliza unatafuta nini, anasema "naangalia tu".

Kelvin: Ndo maana nimeikuta imejazwa upepo 😂😂

Jofu: Shikamooni wote. Mama, hiyo ni stresi ya kustaafu. Nimeshaandaa programu, naituma sasa hivi.

Jofu: PROGRAMU YA BABA. Saa 11 alfajiri kukimbia kilomita 5. Saa 1 mayai matatu bila kiini. Jimu siku sita. Ugali MARUFUKU. Soda MARUFUKU. Saa 3 usiku simu inazimwa.

Mama: Ugali marufuku nyumbani kwa nani?

Shangazi Tabu: 😂😂😂 Haya Jofu, mjibu mama yako.

Neema: Ndo natoka zamu ya usiku nakuta haya. Mdogo wangu Jofu, mtu kakaa kwenye usukani miaka yote ile, na magoti yale na mgongo ule, unamkimbiza kilomita 5 siku ya kwanza? Unatutafutia kazi wodini.

Jofu: Dada, si WHO wenyewe wanasema dakika 150 kwa wiki?

Neema: Wanasema. Na kutembea kwa haraka kunatosha, siyo lazima mbio. Nusu saa mara tano umemaliza. Tena wanasema kidogo ni bora kuliko hakuna kabisa. Baba akianza na dakika kumi mimi nashukuru.

Neema: Baba upo? Shikamoo.

Baba: Marahaba. Nipo nasoma. Jofu hiyo ratiba yako ni ya kuruta.

Baba Mdogo: Kaka pole 😂 Mimi nipo na lori hapa mpakani Tunduma, foleni mkia wake uko huko Mpemba. Lakini shemeji, huko kuamka saa tisa siyo ugonjwa. Ukilala kwenye gari, sikio moja linabaki kwenye tenki. Wezi wa mafuta ndiyo saa zao. Mwili wake bado unalinda dizeli.

Mama: Basi mwambie huku hakuna dizeli, kuna kuku.

Neema: Baba Mdogo kasema kweli. Mwili umezoea, hautaacha kwa kuamrishwa. Baba, usilale mchana zaidi ya nusu saa, na ukiamka toka nje mapema upate mwanga wa asubuhi. Mwanga ndio unaouambia mwili sasa ni mchana, usingizi baadaye. Taratibu utarudi.

Neema: Halafu maji. Kwa siku unakunywa kiasi gani?

Mama: Jagi linaamka lilivyolala.

Baba: Neema, dereva hanywi maji. Ukinywa utasimama. Sasa usimame pale katikati ya Mikumi uchimbe dawa na simba wanakutazama? Unajizuia mpaka Ruaha Mbuyuni. Ukifika Ruaha Mbuyuni unakunywa soda.

Baba Mdogo: Tena baridiii

Neema: Mnacheka, lakini kujinyima maji miaka na miaka ni mojawapo ya mambo yanayoleta mawe kwenye figo. Sasa hivi choo kipo hapo nyuma ya mlango baba, hakuna simba. Mimi naomba kitu kimoja tu. Glasi ya maji kabla ya chai ya asubuhi. Kimoja. Jofu usiongeze.

Jofu: Sijasema kitu jamani

Baba: Viwili. Maji, na kukagua. Mimi kabla ya kuwasha gari lazima nizunguke. Matairi yote ya kichwa na tela, taa, mabomba ya upepo, turubai. Hata mvua inyeshe. Asubuhi nisipozunguka kitu naona kama siku haijaanza. Sasa badala ya kuzunguka nyumba, nitazunguka mtaa.

Neema: Baba hiyo imeshinda ya kwangu. Kuamka unaamka, kuzunguka unazunguka. Tunabadilisha njia tu.

Jofu: Na jimu? Mimi hela ya mwezi wa kwanza nimeshaitenga.

Baba: Jofu. Mlima Kitonga hushuki kwa breki. Unaweka gia ndogo ukiwa bado juu, kabla ya kona ya kwanza, unashuka nayo mpaka chini. Wa breki wote tunawakuta korongoni. Niache na gia yangu ndogo.

Kelvin: 🔥🔥🔥

Baba Mdogo: Hapo kaka umemaliza. Foleni imesogea, naingia ndani.

JUMATANO

Mama: Leo katembea mpaka karibu na kituo cha SGR, karudi na maandazi.

Neema: Maandazi mangapi mama?

Mama: Mfuko. Kala mawili, mengine kawagawia watoto wa jirani. Usinianzie.

Baba: Kuna mwenzangu nimempata njiani, alikuwa dereva wa basi la Mwanza. Kesho tunakwenda wote. Anaongea huyo! Lakini unafika kabla hujajua.

Shangazi Tabu: Afadhali kaka. Mimi nilichokuwa nakiogopa ni ukimya kuliko hilo tumbo.

Baba: Ukimya upo. Tajiri mwenye lori alikuwa anapiga kila baada ya masaa mawili. Umefika wapi? Umepita mizani? Nilikuwa nachukia. Sasa simu ikiita ni watu wa bando.

Shangazi Tabu: Basi nitakuwa napiga mimi.

Baba: Wewe ukipiga unaomba hela.

Shangazi Tabu: 😂 Nitapiga bila kuomba. Nitauliza umefika wapi.

Neema: Mama, zahanati mlikwenda?

Mama: Tulikwenda. Presha 148 kwa 92. Nesi kasema turudi.

Neema: Sawa kabisa. Ikianzia 140 kwa 90 tunaanza kuiangalia, lakini kipimo kimoja hakisemi kila kitu. Mkirudi, baba akae kimya dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, asiongee. Nusu saa kabla asinywe chai wala kahawa. Na asitembee kwa miguu kutoka nyumbani halafu apimwe hapohapo anahema. Ikibaki juu siku nyingine pia, amuone daktari. Dawa siyo aibu.

Mama: Na chumvi?

Neema: Isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mmoja, haijai hata kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na vitu vya dukani. Anza na ile ya mezani.

Mama: Ya mezani nimeificha tangu juzi. Anaitafuta hasemi.

Baba: Nilijua ni wewe.

Kelvin: Baba na soda je 👀

Baba: Wewe Kelvin nani kakuuliza.

Neema: Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai. Ningekumwagia vijiko tisa kwenye kikombe ungekunywa baba?

Baba Mdogo: Na zile enaji?

Neema: Baba Mdogo, wewe tutazungumza ukirudi. Ana kwa ana.

Baba: Soda moja Jumapili baada ya kanisa. Hapo sishuki.

Neema: Nimekubali.

Jofu: Yaani yeye anaruhusiwa kujadiliana!

JUMATATU

Jofu: Baba vipi, mbona kimya? Mazoezi yanaendelea?

Baba: Jumamosi tulikuwa na msiba Kilosa. Jumapili mvua imeshinda ikinyesha. Sikutoka. Leo nimetoka.

Jofu: Siku mbili mfululizo 😬 programu ingekuwa imevunjika hiyo

Neema: Kwani kuna kilichovunjika? Mtu alikuwa msibani, katoka leo. Maji je baba?

Baba: Maji nilikunywa hata Kilosa. Wakanishangaa.

Mama: Na jana kalala mpaka saa kumi na moja kasoro. Mimi ndiye niliyeamka saa tisa kuangalia kama yupo hai.

Kelvin: Mama 😂😂😂

Neema: Baba, tukiendelea hivi nitaongeza kidogo tu. Wakati unasubiri chai ichemke, kaa kwenye kiti, simama bila kushika kitu, kaa tena. Mara chache, siku mbili kwa wiki. Ya magoti na mapaja. Likiuma goti, acha, uniambie.

Baba: Hiyo nitaifanyia ndani. Mwanza asinione.

Baba Mdogo: Wazee nimeshavuka, nipo Nakonde. Nimenunua maji dumu la lita tano nimeweka kebini. Utingo ananiuliza rejeta inavuja? Nikamwambia ni ya kunywa.

Neema: 👏👏 Sasa na wewe ukisimama, shuka, tembea ulizunguke gari mara mbili tatu. Kukaa masaa mengi miguu imening'inia damu haitembei vizuri.

Baba Mdogo: Sawa nesi. Hapa foleni ipo ya kutosha, nitazunguka mpaka nichoke.

Jofu: Haya jamani nimeshindwa. Ile hela ya jimu nimnunulie baba raba. Anatembea na yebo, nimeona kwenye picha ya Kelvin. Mama, anavaa namba ngapi?

Mama: 43. Mguu wa kulia mpana, chukua zenye nafasi mbele.

Baba: Nyeusi. Usiniletee zile za kijani za kuwaka.