Nimeuziwa chuma kwa bei ya alumini: Camaro ya 1969 na gereji iliyoniingiza mjini

Wakuu, heshima mbele. Nauandika uzi huu saa nane usiku hapa Houston, mikono bado ina grisi, na sina mpango wa kuwa mpole. Na kabla hamjaanza "si ungenunua Crown ukatulia", jueni mama watoto ameshanisema, tena vizuri kuliko mtakavyoweza nyie.

Kazi yangu ni malori. Miaka sita nimedunduliza kwa ajili ya gari moja tu, Chevrolet Camaro ya 1969. Niliipata kwa mzee mmoja, kutu kiasi kwenye madigadi, injini ya V8 ya chuma ya inchi za ujazo 350, na breki za ngoma miguu yote minne, maana enzi hizo ndivyo zilivyotoka kiwandani. Diski za mbele ulikuwa unaziongezea hela. Ni yale magari ambayo Wamarekani wanayaita ya misuli: ukikanyaga mafuta kwenye njia iliyonyooka unacheka peke yako, ukifika kwenye kona unaanza kusali. Mimi nilitaka langu likate kona.

Na kukata kona hakuji kwa kuongeza nguvu tupu. Kila kilo unayobeba, breki itaisimamisha na tairi zitaivuta kwenye kona, lepu (mzunguko mmoja wa uwanja) baada ya lepu, mpaka kimojawapo kichoke. Kilo mbaya zaidi ni zile za puani. Pua ikiwa nzito unazungusha usukani, gari linaendelea na safari zake.

Kwa hiyo makubaliano na gereji (siitaji, kuna mtu wa sheria kanikataza) yalikuwa kwenye karatasi. Injini ya LS3 ya Chevrolet, lita 6.2, bloku (mwili wa injini) ya alumini, nguvu farasi 430. Giaboksi ya gia 6. Boneti ya faiba, vioo vya pembeni na nyuma plastiki ngumu, breki kubwa za diski mbele na nyuma. Gari lilipoingia kwao lilikuwa na kilo 1,530. Likitoka liwe na 1,360. Nililipa kwa awamu tatu, na kila awamu nilitumiwa picha tamu tamu.

Mwenye gereji ana mdomo, hilo nampa. Siku ya kwanza alinikalisha akanisimulia habari za Roger Penske, mwenye timu ya mbio, na dereva wake Mark Donohue, jinsi walivyochovya bodi ya Camaro kwenye tindikali mpaka bati likawa jembamba, na paa lilipoanza kujikunja wakalifunika kwa vinaili ili mapindo yasionekane. Ubingwa wa Trans-Am, mbio za magari za Marekani, wa 1968 na 1969 ukaenda kwa Chevrolet. Akaniambia na sisi tutatafuta kilo moja moja namna hiyo hiyo. Nikatoka pale nimevimba kichwa, hela ya awamu ya kwanza nishaitoa. Sikujiuliza kwa nini anayenisimulia ya tindikali hana hata mizani gerejini kwake.

Wiki mbili zilizopita nikalipeleka Austin, kwenye saketi ya mbio ya COTA. Walioiona kwenye Formula 1 wanajua, baada ya kona ya 11 kuna njia nyoofu inayozidi kilomita moja, halafu kona ya 12 ya kushoto ambapo unatakiwa ubane breki kwelikweli. Lepu ya tatu nabana breki pale, pedali inazama kama nimekanyaga sponji. Mafuta ya breki yamechemka. Nilipita moja kwa moja nikaenda kusimama kwenye eneo la pembeni lenye rangi, moyo uko shingoni. Namshukuru aliyechora ile saketi akaacha nafasi.

Kwenye maegesho kulikuwa na mzee mmoja ana mizani nne, moja kwa kila gurudumu. Kanionea huruma, tukalipandisha. Kilo 1,512. Asilimia 57 iko mbele. Wakuu, boneti ya faiba, vioo vya plastiki, kiti cha nyuma kimetolewa, kapeti limetolewa, hita imetolewa, na gari limepungua kilo 18! Mimi mwenyewe nimepungua zaidi ya hapo kwa stresi.

Yule mzee hakusema neno. Aliinama akachungulia chini ya injini, akaniuliza kama nina sumaku.

Sumaku niliyokuwa nayo ni ile ya jahazi, ya ukumbusho wa Zanzibar, binti yangu aliibandika kwenye dashibodi. Nikaibandua, nikaipeleka ubavuni mwa bloku. Ikanasa. Jahazi linaning'inia pale na tanga lake, mimi nalitazama. Alumini hainasi sumaku, hilo hata mtoto wa shule ya msingi anajua. Tukakwangua rangi ya fedha kwa bisibisi, chini yake chuma cheusi, na maandishi ya kiwandani: 6.0. Ankara yangu inasema 6.2.

Kumbe nimewekewa injini ya pikapu. Ni ndugu yake kabisa LS3, familia moja, na wala si injini mbaya. Watu wanaichukua kwenye magari yaliyogongwa kwa bei ya kutupa na inavumilia mateso. Lakini bloku yake ya chuma inaizidi ile ya alumini kwa zaidi ya kilo 40, na zote ziko puani. Juzi nikalipeleka kupimwa nguvu kwenye magurudumu: farasi 271. LS3 ingetoa kama 360 pale pale.

Uzito ule walioshindwa kuutoa kwenye injini wameutafuta kwa drili. Chuma kinachoshikilia kiti cha dereva kina matundu 14, nimeyahesabu kwa kidole. Mkono wa pedali ya breki una matundu matano, na tundu la tatu limeanza ufa. Mkono wa pedali ya breki, jamani! Hapo wameokoa gramu ngapi?

Ninachotaka kwenu ni hiki. Hapa Texas mahakama ndogo inapokea madai mpaka dola 20,000, na sheria ya udanganyifu wa kibiashara inataka umpe mtu notisi ya maandishi ya siku 60 kwanza. Notisi nimeshaituma. Kuna aliyewahi kupita njia hii na gereji? Niing'oe injini sasa hivi niwe na ushahidi, au niiache ilipo mpaka mtaalamu wao aje aione?

NYONGEZA: Wamejibu. Wanasema hata bloku ya alumini ina silinda za chuma kwa ndani, ndiyo maana sumaku imenasa. Ni kweli zina chuma ndani. Nimewatumia picha ya jahazi limenasa nje, juu kidogo ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), mahali ambapo hakuna silinda. Wameisoma saa kumi na moja jioni. Kimya mpaka sasa.