Nataka kurudi kanisani lakini sitaki kujifanya tena, nianzie wapi hapa Nairobi?

mtu_wa_donholm:

Habari zenu wadau. Naandika hapa juu huku hakuna mtu ananijua. Nimelelewa kanisani, shule ya Jumapili, kwaya ya vijana, nikaokoka nikiwa kidato cha pili na nilikuwa namaanisha kabisa. Nikaja mjini, nikapata kazi, nikaingia kanisa kubwa kubwa hivi na nikaanza kuhudumu kwa mitambo. Jumapili niko pale nyuma na hedifoni naangalia sauti ya pasta iko sawa, Jumapili hiyo hiyo jioni niko kwa simu nabeti mpaka pesa ya rent inaingia mashakani. Na hakuna mtu alijua, si eti nilikuwa mjanja, ni vile hakuna mtu huuliza. Unaulizwa habari ya wokovu, unajibu Bwana asifiwe niko mzima, mtu ashapita.

Kitu kilinimaliza ni dada mmoja wa kwaya. Alipata mimba, akaenda mwenyewe kwa viongozi akasema ukweli. Akatolewa kwaya, akaambiwa akae viti vya nyuma mpaka "arejeshwe". Kijana aliyempa mimba alikuwa anapiga kinanda na Jumapili iliyofuata alikuwa bado pale anapiga kinanda, na mimi ndiye nilikuwa nampandishia sauti. Siku hiyo sisi wote tulijifunza kitu na si kile pasta alikuwa anahubiri, tulijifunza kunyamaza.

Halafu corona ikaja, makanisa yakafungwa, na yalipofunguliwa Julai 2020 kwa watu mia moja na saa moja tu, mimi nilikuwa naambia watu sipati nafasi kwa wale mia. Nafasi zilikuwa. Sikurudi tena.

Sasa siku hizi usiku nasoma Zaburi na naskia kabisa nataka kurudi kwa Mungu, shida ni watu. Sitaki kanisa la kuniambia kila kitu ni sawa, kubeti si sawa na najua. Nataka tu mahali naweza sema niko hivi, na wiki ijayo bado niwe na kiti. Kuna mahali kama hapo hii Nairobi ama naota?

msee_wa_umoja:

Buda, hakuna kanisa kamilifu, na ukilipata usiingie utaliharibu 😂

mtu_wa_donholm:

Hiyo nimeambiwa na kila mtu. Sijauliza kanisa kamilifu, nimeuliza kanisa la watu wa ukweli. Ni vitu viwili.

msee_wa_umoja:

Sawa sawa, nimeelewa. Basi jaribu hizi ibada za saa saba mchana pale tao, hakuna mtu anakujua, unaingia unaomba unarudi job.

cucu_wa_kabete:

Mwanangu, hiyo ya saa saba ni nzuri kwa kuomba lakini mtu asiyekujua hawezi kukubeba. Wacha nikueleze kitu cha zamani kidogo maana vijana wa siku hizi mnafikiri ukweli kanisani haujawahi kuwako.

Mama yangu alikuwa wa ndugu wa uamsho. Huu uamsho ulianzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda ambako waliitwa Balokole, yaani waliookoka, na huku Kenya ukafika 1937. Neno lao lilikuwa kutembea nuruni, wanalitoa 1 Yohana 1:7. Nilikuwa mtoto nakaa chini ya meza nikisikiza. Hawakuwa wanasema "mimi ni mwenye dhambi" kwa jumla vile tunasema sasa, hiyo hata mwizi anaweza sema na asiguswe. Walikuwa wanataja. Mama alisimama akasema, wiki hii nilificha pesa ya maziwa nikamwambia baba wa watoto kwamba dairi haijalipa. Na baba alikuwa ameketi pale pale! Akaguna. Na kabla hajajibu wameanza kuimba Tukutendereza, wimbo wao wa sifa, kila mtu, na yeye mwenyewe akaimba. Hakuna aliyempa mama mawaidha, na mimi mpaka leo naona hicho ndicho kilikuwa muhimu, kwamba mtu akisema ukweli hapewi somo papo hapo.

Lakini nisikudanganye. Hao hao ndugu wengine walianza kupima watu, nywele zako ziko vipi, umevaa nini, na kule Uganda miaka ya 1970 kulitokea kundi likasema hata mkopo ni dhambi. Kuungama nako kukawa ni kama mashindano, nani ana machozi zaidi. Kwa hiyo kitu kizuri kinaweza kuoza. Ila usikubali uambiwe hakiwezekani, mimi nilikiona chini ya meza.

jumuiya_tu:

Mimi ni Mkatoliki kwa hivyo chukua kile kitakufaa. Huku kwetu kuna jumuiya ndogo ndogo, maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua 1976 ziwe ndio msingi wa kazi ya kanisa, yani kanisa lisiwe tu jengo la Jumapili bali majirani wa ploti chache wanaokutana nyumbani kwa mtu wanasoma injili wanaombea wagonjwa wao. Kwa karatasi ni kitu safi sana. Kwa ground nusu ya mkutano inaweza isha kwa michango, mchango wa matanga, mchango wa harusi, mchango wa sare, na kuna mama mmoja wa jumuiya yetu (mnisamehe) ambaye ukimwambia kitu saa mbili usiku saa tatu kiko mtaa wa Pipeline. Lakini mimba ya nani, nani amefutwa kazi, nani hajala, jumuiya inajua, na mara nyingi inakuja na unga kabla ya kuja na maswali.

Kuhusu kusema, tuko na kitubio, yani kuungama dhambi kwa padre. Padre akishasikia hawezi kusema popote, hata kortini, akivunja hiyo siri anatengwa na kanisa. Hiyo inasaidia sana mtu ambaye ameogopa kama wewe. Lakini padre hatakushikia simu Jumapili jioni mechi zikianza. Hapo unahitaji mtu wa karibu.

jina_la_kwanza_tu:

Ndugu, mimi nimeacha pombe na ukweli sikuufunzwa kanisani, nilifunzwa na walevi. Kile chama cha walevi wanaoacha pombe, AA, kilianza Marekani mwaka wa 1935 na kiko hapa Nairobi pia. Sasa cheki hii. Mkutano wetu tulikuwa tumekodeshewa chumba na kanisa, viti vya plastiki, chai ya turungi, mtu anasimama anasema naitwa fulani na mimi ni mlevi, wengine wanamsalimia kwa jina, anaendelea. Na Jumapili kwa ile kampaundi moja, ngazi mbili juu, watu wengine, na wengine ni wale wale, wako na suti wanasema Bwana asifiwe niko mzima. Nilikuwa nashindwa Yesu anaketi wapi.

Sasa ya maana. Usiende kanisa lolote ukamwaga kila kitu siku ya kwanza eti unatembea nuruni. Tafuta watu wawili, wa jinsia yako, ambao si wakubwa wako kwa huduma, yani wasiwe na uwezo wa kukutoa ama kukupandisha. Waambie kitu kidogo kwanza. Subiri. Ukikiona kimerudi kwa grupu ya WhatsApp kama "wapendwa tuombee ndugu yetu mmoja anayepitia majaribu ya pesa", basi ushajua, hao wape salamu tu na uendelee kutafuta. Kikikaa, ongeza kingine. Hakuna njia ya mkato na mimi ilinichukua muda mrefu kupata hao wawili, mmoja ni fundi wa viatu na hata si wa kanisa langu.

Na hiyo ya kubeti si ya maombi peke yake. Kuna yule atakaa na pesa yako ya rent mpaka tarehe moja? Anza hapo.

mchungaji_mstaafu:

Ndugu mwenye swali, pole kwa yule dada. Nimekaa kwa mabaraza ya nidhamu ya kanisa na naeleza tu vile huenda: mimba inaonekana, kwa hiyo inapewa adhabu, na aliyeipachika haonekani, kwa hiyo anapiga kinanda. Wagalatia 6:1 inasema mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole. Kurejeza ndio kazi, adhabu tuliongeza sisi.

Na wachungaji pia wanaficha. Wengi nyumba wanayolala ni ya kanisa, karo ya watoto inatoka kanisani. Siku atasimama aseme imani yake imepoa au ndoa inayumba, Jumatatu anaweza kuwa anatafuta lori la kuhama. Sisemi umwonee huruma kupita kiasi. Lakini unapotafuta kanisa, angalia kama mchungaji ana mtu wa kumwambia ukweli, muulize hata. Akicheka na kubadilisha stori, umejibiwa.

mama_abby_kayole:

Mchungaji asante. Mimi nimewahi kukaa hivyo viti vya nyuma, si kanisa hilo lakini. Kwa mtu wa Donholm, usiulize tu utapokelewa wapi, uliza pia wewe utampokea nani. Mimi kwa miezi mingi nilingoja mtu mmoja tu wa kwaya aje aketi kando yangu, sio kuongea, kuketi tu, na hawakuwa watu wabaya, kila mtu alikuwa anaogopa kuonekana ako upande wangu.

mtu_wa_donholm:

@mama_abby nimesoma hiyo yako mara kadhaa na sina jibu, asante tu.

@jina_la_kwanza_tu mambo ya rent, kakangu anakaa mtaa wa Fedha na tunaskizana, nitamwambia mwisho wa mwezi atume yeye kwa landlodi moja kwa moja. Hiyo naweza.

@jumuiya_tu mimi si Mkatoliki, naruhusiwa kuja tu kusikiza? Na za upande wa Donholm zinakutana lini, juu jioni natoka job late.

jumuiya_tu:

Kuja tu, hakuna mtu atakuuliza cheti cha ubatizo mlangoni. Kila jumuiya na siku yake, nyingi ni Jumamosi asubuhi ama siku moja ya wiki jioni, uliza kwa ofisi ya parokia iliyo karibu na wewe ama yule askari wa geti, huwa anajua kuliko katekista. Beba Biblia yoyote uko nayo. Na wakianza mambo ya michango sema wewe ni mgeni, wiki ya kwanza wanakuachilia, ya pili sitakuahidi.