Krediti za komyuniti koleji: sheria ivilazimishe vyuo vikuu kuzihesabu?

Mleta mada:
Wadau habari zenu, hasa mlioko huku Marekani na wenye wadogo zenu wanaojiandaa kuja. Hili jambo linanikaa rohoni miaka yote, naomba tulijadili kwa hoja. Mgeni akifika tu anaambiwa anzia komyuniti koleji, ada nafuu, piga miaka miwili upate krediti 60 (pointi za masomo uliyofaulu) kisha uhamie chuo kikuu umalizie 60 nyingine, digrii hiyo. Shida inaanza siku ya kuhama.

Mimi nilisoma hapa Texas, mchana darasani usiku nalea wazee, nikatoka na krediti 63. Barua ya chuo kikuu ikasema zimepokelewa zote, usiku ule ule nikampigia mama nikamwambia nimebakiza nusu. Wiki mbili baadaye niko kwa adivaiza, mshauri wa masomo pale chuoni, kaweka karatasi mezani anashuka na kalamu mstari kwa mstari: takwimu, somo la hiari. Uhasibu, somo la hiari. Kompyuta, somo la hiari. Yaani krediti zipo kwenye transkripti ila kwenye meja yangu, ile fani kuu ninayosomea, hazifuti kitu! Nikarudia masomo matano, na takwimu nilifundishwa kwa kitabu kile kile nilichokuwa nacho kwenye begi.

Ndo maana nasema sheria itamke KUHESABIWA, sio kupokelewa. Texas wana ule mkupuo wa krediti 42 za masomo ya msingi ambao vyuo vya serikali lazima viupokee, sawa, lakini hiyo ni insha, historia, siasa na kadhalika, masomo ya meja ndo yanayoliwa. Na sio mimi peke yangu, mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, ilikadiria kwamba waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kama asilimia 43 ya krediti zao. Karibu nusu jamani.

Mchangiaji wa kwanza:
Pole sana ndugu, ila mimi napinga. Nasaidia maabara ya kemia chuo kikuu, kila semista napokea vijana wamehama na kemia yao ya mwaka wa kwanza imehesabiwa, kufika kemia ya kaboni wanazama, wengine hata kusawazisha mlinganyo ni shida, halafu wanafeli na hela imeshaenda. Ukimlazimisha mwalimu amkubali mtu asiye na msingi hujamsaidia yule mtoto, umemsogezea tu siku ya kulia.

Mchangiaji wa pili:
Mbona California wameweza? Sheria ya 2010 ilileta digrii ya miaka miwili ya kuhamia, ukiimaliza una nafasi kwenye mfumo wa Cal State, vyuo vikuu vya serikali vya jimbo hilo, na ukibaki kwenye meja inayofanana hawakudai zaidi ya krediti 60. Ila angalizo, unahakikishiwa mfumo, sio kampasi unayoitamani.

Mchangiaji wa tatu:
Mnasahau Pell. Hiyo ruzuku ya serikali ya kusomea ina ukomo wa semista 12 maisha yako yote, kwa hiyo mkimbizi au mwenye green card akirudishwa nyuma mwaka mzima anakula akiba yake ya mwaka wa mwisho. Dada yangu iliisha kabisa akiwa amebakiza masomo manne.

Mleta mada:
Hapo kwenye Pell umenigusa. Na wewe wa kemia nakuelewa, masomo ya ngazi kama kemia na hesabu huwezi kuruka daraja. Lakini basi mpe mtu ule mtihani wenu wa mwisho kabla semista haijaanza, akifaulu mhesabie, akifeli arudie bila manung'uniko. Mimi hakuna aliyeniuliza najua nini, walisoma jina la chuo nilichotoka wakamaliza. Na kama chuo hakitaki kuhesabu somo, kiseme kwa maandishi, somo kwa somo, kabla mtu hajalipa hela ya kushikia nafasi. Mimi ile karatasi niliiona nimeshalipa na nimeshahama nyumba. Nani anapinga hili la maandishi?