Waandishi wa riwaya tunaojichapishia wenyewe: nani alikushika mkono, na alikushika vipi? Tupeane uzoefu

Wadau salaam,

Naomba tuongee sisi tunaoandika hadithi na riwaya na kuzichapa kwa pesa zetu. Zile "hongera sana" na vimoyo vyekundu tunavyotumiana mtu akitoa jalada jipya tuviweke pembeni kwa leo. Nataka kujua: ni mwandishi gani mwenzako aliyekesha kwa ajili ya kitabu chako, au akatoa cha mfukoni mwake? Naanza mimi.

Riwaya yangu ya kwanza niliiandika miaka miwili, nikaisoma mara sita, nikaona imeiva. Nilishapatana na mchapaji Kariakoo, nakala 300, malipo ya awali yapo kwenye simu. Siku ninayotaka kulipa, dada mmoja wa Tabora, naye mwandishi, tuliyezoeana kwa kusomeana hadithi fupi, akanipigia: "Mdogo wangu, usilipe kwanza. Nitumie niisome."

Nikamtumia. Kimya siku nne. Siku ya tano zikaanza kuingia sauti za WhatsApp, na hadi usiku zilifika 43.

Ya kwanza ilikuwa hivi: "Shujaa wako kapanda treni Dar anakwenda Mwanza, halafu sura ya 9 anachungulia dirishani anaiona Urambo. Kaionaje? Reli inagawanyika hapa hapa kwetu Tabora. Ukiona Urambo ujue unakwenda Kigoma. Wa Mwanza anapanda kaskazini, Isaka, Shinyanga." Kweli, treni hiyo sikuwahi kuipanda. Nilitupia jicho ramani nikaandika. Yule ameishi na honi ya hiyo treni tangu utotoni.

Nyingine: "Rehema amefungwa plasta ngumu mkononi sura ya 6. Sura ya 7, jioni ile ile, anajitwisha ndoo ya maji peke yake." Mara sita nimesoma na sikuiona hiyo ndoo!

Iliyoniuma ni ya mwisho: "Baba mtu umemmaliza kwa mistari miwili kwa sababu uliogopa kuandika msiba. Rudi ukauandike."

Nilizima simu, nikanuna siku mbili. Siku ya tatu nikakaa kuuandika. Ukatoka kurasa 11, na wasomaji wakinipigia leo wanauzungumzia huo msiba kuliko kitu kingine chochote. Hakunidai hata senti. Mswada wake ukikamilika nami natenga wiki nzima, na nimejifunza kwake kumwambia mtu linalouma huku nikimtajia ukurasa.

Haya, karibuni. Hata yaliyoharibika yasemwe.

Mchangiaji, Nairobi

Asante kwa kuanzisha. Mimi mzaliwa wa Nakuru, na riwaya yangu ina nyanya wa Mombasa, Mji wa Kale. Nilimwandikia maneno yake kwa Kiswahili nilichofunzwa shuleni. Mwenzangu wa Mvita, mwandishi wa hadithi za watoto, akasoma akaniambia nyanya huyo anaongea kama msomaji wa taarifa ya habari. Tukakaa Jumamosi mbili, mstari kwa mstari. Njaa ikawa ndaa, njia ikawa ndia, macho yakawa mato. Nikanogewa, nikataka hadi mjukuu aongee hivyo. Akanizuia: "Mwachie nyanya peke yake. Mjukuu kasomea Nairobi, hawezi kusema hivyo." Kitabu changu kinauzika Mombasa kuliko Nakuru kwetu, na mimi najua ni kwa sababu ya zile Jumamosi mbili.

Mchangiaji, Mwanza

Langu lina uchungu kidogo. Tulikuwa waandishi watano katika miji mitano, tukapatana kubebeana vitabu. Nilimtumia mmoja wetu nakala 40 kwa basi. Aliuza zote, na kwa kasi, maana alikuwa akinipa majina ya wasomaji nami nikifurahi. Pesa haikuja. Mwezi wa kwanza, wa pili, hadi wa saba. Nilikopa kuchapa kile kitabu, kwa hiyo mkopeshaji ananidai mimi, nami namdai mwenzangu ambaye siwezi kumfokea. Mwishowe akanieleza kwamba mtoto wake alilazwa, na pesa ya vitabu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Alilipa yote, ila kidogo kidogo. Hata hivyo kikundi kilibaki watatu.

Hao watatu tukaweka utaratibu. Kitabu kinauzwa 12,000. Aliyekiuza anabaki na 2,000 yake, 10,000 inatumwa siku ile ile kabla ya kulala, hata kama ni nakala moja. Makato ya kutuma anabeba mwenye kitabu. Na kila mtu ana daftari: tarehe, kitabu cha nani, kimetoka wapi, kimebaki ngapi. Wengine walisema huko ni kutoaminiana. Mimi nasema kama tungekuwa na hilo daftari mapema, yule ndugu angekuwa nasi mpaka leo, maana asingepata nafasi ya kuchanganya pesa zetu na shida zake.

Mchangiaji, Morogoro

Vijana, mnayoyafanya yana wenyewe waliotangulia. Mwandishi wa riwaya Ben Mtobwa alianzisha Heko Publishers, mwandishi mwenzake Elvis Musiba alikuwa na Continental Publishers yake. Riwaya za upelelezi tulizokuwa tukiazimana hadi majalada yanachanika, nyingi zilitoka kwa watu walioamua kutosubiri mchapishaji mkubwa. Siku hizi nawaona UWARIDI wamekusanyika waandishi wa riwaya chini ya mwavuli mmoja, na moyo wangu unatulia. Mimi nilikuwa msomaji tu. Nikistaafu vizuri nami nitaandika.

Mchangiaji, Dodoma

Mkuu wa Mwanza, pole sana. Kwangu ilikuwa PDF. Nauza riwaya kwa simu, mtu anatuma 3,000 namtumia faili. Wiki ya pili nikaikuta kwenye kundi la watu zaidi ya 200, imeandikwa "bure, pakua". Nililia. Mwenzetu mmoja hakunipa pole hata kidogo, aliniuliza tu namba ya msimamizi wa kundi. Waandishi sita wakamwandikia, kila mmoja kwa jina lake, kwa adabu, wakimweleza kwamba mwenye kazi ni mama wa watoto wawili na hii ndiyo ada yao. Msimamizi aliifuta, akaomba radhi, na watu tisa wa kundi lile wakanitumia 3,000 zao. Tangu hapo kila faili ninaloliuza naliandika jina la mnunuzi ukurasa wa kwanza.

Mchangiaji, Songea

Mimi sina kompyuta. Niliandika riwaya kwenye madaftari manne nikitaka kuipeleka Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, ile iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Zilibaki wiki tatu. Waandishi watatu ambao sijawahi kuwaona uso kwa uso wakagawana picha za kurasa, wakanichapia. Mmoja alikuwa akinipigia saa tano usiku: "Hili neno ni 'kovu' au 'kobe'?" Sikushinda. Mswada ninao, umechapwa safi, na ndio ninaouhariri sasa.

Mwanzisha mada

Mzee wetu wa Morogoro, shikamoo. Usisubiri kustaafu vizuri, anza na sura moja, tutaisoma hapa hapa.

Dada wa Dodoma, hilo la jina la mnunuzi ukurasa wa kwanza nalichukua leo. Na wewe wa Songea, ukimaliza kuhariri usikimbilie mchapaji, nitumie mimi kwanza. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, utaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba. Nikiwa Maktaba Kuu nitakuulizia yanayotakiwa.

Ndugu wa Mwanza, naomba picha ya ukurasa mmoja wa hilo daftari lako, nichore la kwangu kama lilivyo.

La mwisho kwa leo: kesho alfajiri nakwenda stendi ya Magufuli pale Mbezi na boksi la Mbeya. Nimelipia boksi zima na lina nafasi ya vitabu kama 15 hivi. Aliye Dar na ana msomaji Iringa, Makambako au Mbeya anikute getini kabla ya saa 11:30, kitabu kiwe na jina na namba ya mpokeaji juu yake.