Nimepewa wanafunzi sabini wa mwaka wa kwanza niwe mshauri wao wa kitaaluma. Nisubiri waje au niwafuate?

Mkufunzi_Mgeni

Wakuu, salaam.

Nafundisha takwimu kwenye chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania, sikitaji, mnajua mambo ya ajira. Mwaka huu idara imenikabidhi wanafunzi sabini na kitu wa mwaka wa kwanza niwe mshauri wao wa kitaaluma. Kwenye kitabu cha kanuni kazi hiyo imeandikwa ikapendeza. Kiuhalisia ni kazi ya kusaini. Mwanafunzi anakuja mlangoni na fomu ya usajili wa masomo, unasaini, anaondoka, hata jina hulishiki. Mnaonana tena mwaka unaofuata, kama bado yupo.

Wanaokuja wakakaa kwenye kiti ni waliokwisha kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Matokeo yametoka, GPA (wastani wa alama zake) haifiki 2.0, masomo ya kusapu (kurudia mtihani) yamejaa, ndipo anagonga mlango huku mzazi yuko kwenye simu: "Mwalimu, tusaidie." Hapo seneti ya chuo imeshapitisha matokeo, mimi nisaidie nini?

Sasa hivi tupo katikati ya semesta ya kwanza. Testi ya kwanza nimeshaisahihisha, na mahudhurio ya semina ninayo. Majina ya walio hatarini nawaona. Kwetu kosiweki (testi na kazi za semesta) ni 40 na UE (mtihani wa mwisho wa semesta) ni 60, kwa hiyo aliyepata 3 kati ya 20 bado ana nafasi, ila kila wiki inayopita inapungua. Nataka niwatafute mmoja mmoja kabla ya testi ya pili. Mwenzangu tunayekaa naye ofisi moja kanicheka, anasema chuo siyo sekondari, mtu mzima akiwa na shida atakuja mwenyewe.

Waliopitia haya naomba mnisaidie. Niwafuate? Nikiwapata niwaambie nini? Na nianze na nani, maana wote sabini siwawezi.

Mzee_wa_Nkrumah

Niko upande wa mwenzako. Hawa vijana wamelelewa na tyusheni tangu darasa la nne, kila kitu wamesogezewa. Chuo ni mahali pa kwanza wanapotakiwa kupanga siku yao wenyewe. Ukiwabembeleza mwaka wa kwanza, mwaka wa pili watategemea uwapigie simu waamke. Ofisi ina mlango, na mlangoni pamebandikwa saa za kuonana na wanafunzi. Atakayekuja mhudumie kwa moyo wote. Asiyekuja ameamua.

Msuli_wa_Alfajiri

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, anayekuja ofisini kwa hiari yake ni yule mwenye GPA ya 4.2 anayetaka kujua kwa nini amepewa B+ badala ya A. Mwenye 3 kati ya 20 akikuona kwenye korido anabadilisha njia. Hajaamua chochote, anaona aibu, na aibu ya mwaka wa kwanza ni nzito kwa sababu kijijini kwao ndiye aliyefaulu kuliko wote. Amwambie nani kwamba haelewi?

Mimi nilitoka shule ya kata, nikaingia kusoma uchumi. Testi ya kwanza nilianguka vibaya. Mwalimu wa semina akamtuma CR (kiongozi wa darasa) aniambie nimpelekee karatasi yangu ya testi. Hakusema "njoo tuongee", angesema hivyo nisingekwenda mpaka leo. Nilipeleka karatasi tukaisoma pamoja. Kumbe hesabu nilikuwa naijua, ila maswali mawili makubwa sikuelewa Kiingereza chake na nikajibu kitu kisichoulizwa. Alinionyesha hapohapo namna ya kulivunja swali refu vipandevipande. Ilichukua muda mfupi tu. Sijui kama yeye anakumbuka.

Jirani_wa_Hosteli

Wacheni wadisko jamani, foleni ya ajira ipungue kidogo. Hahaha.

Dawati_la_Tatu

Mkufunzi, nimewahi kukaa dawati la mikopo la chuo kwa muda, na nikuambie kitu ambacho walimu wengi hamkioni. Orodha yako ya wanaofeli na orodha yetu ya wenye matatizo ya bumu (hela ya mkopo) zilikuwa zinafanana kwa kiasi cha kushangaza, na hakuna aliyewahi kuziweka meza moja.

Kabla hujamwita mtu mvivu muulize amesaini kupokea mkopo? Asiposaini kwa wakati, hela inarudishwa Bodi ya Mikopo, na wapo watoto wanaoshinda wiki kadhaa wakidhani haijatoka kumbe ilitoka ikarudi. Halafu muulize amepewa nini. Watu wakisikia "ana mkopo" wanadhani kapewa kila kitu. Kuna anayepata chakula na malazi halafu ada amepewa sehemu tu. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya kujikimu ni 10,000 kwa siku, kabla yake ilikuwa 8,500. Toa chumba cha mtaani, nauli, kuchapisha madesa (nukuu za masomo), na mara nyingi anayeipata anaigawa na wadogo zake nyumbani. Sasa huyo akikosa semina ya saa moja asubuhi, utajua ni uzembe au alikosa nauli?

Cha tatu ni ada. Vyuo vingi havimruhusu mwenye deni kuingia kwenye UE. Mwanafunzi anajua tangu Novemba kwamba hela haitatimia, anakaa kimya, siku ya mtihani anazuiwa. Wewe huna uwezo wa kumlipia, na usijaribu, utafilisika. Unachoweza ni kumfikisha dirisha sahihi wakati bado kuna cha kujadili, aandike barua ya kuomba kulipa kwa awamu.

Na hili naomba ulishike kuliko yote. Anayeugua, anayefiwa, anayejifungua, aahirishe masomo KWA MAANDISHI kabla ya mtihani. Fomu ipo kila chuo. Aliyeahirisha anarudi mwakani na nafasi yake. Aliyekwenda nyumbani bila kuaga anaandikwa mtoro wa mtihani, na hapo amekwisha. Nimeona msichana mwenye akili nyingi amepoteza chuo kwa kukosa kujaza karatasi moja, na mshauri wake wa kitaaluma alikuwepo, jina lake liko kwenye faili.

Bi_Chuoni

Naunga mkono uwafuate, lakini wewe ni mwanamume (kwa uandishi wako nadhani), kwa hiyo nisikilize.

Usimpigie simu binti wa mwaka wa kwanza usiku. Usimwandikie ujumbe wa "nimeona maksi zako, njoo ofisini tuyamalize." Hata kama nia yako ni nyeupe, yeye ameshasikia hadithi, na nyingine ni za kweli. Rushwa ya ngono ipo kwenye sheria ya rushwa ya 2007, kifungu cha 25, haikuwekwa kwa bahati mbaya. Binti akipokea ujumbe kama huo kutoka kwa mwalimu anayemsahihisha atafanya mojawapo ya mawili: atakukimbia moja kwa moja, au atakuja akiwa na hofu asiyoweza kukuambia. Yote mawili umempoteza.

Tumia barua pepe ya chuo au tangazo kupitia CR. Kutaneni saa za kazi, mlango wazi, au kwenye chumba cha semina watu wakiwa wanapita. Wakiwa watatu au wanne pamoja ni bora zaidi, na wanasaidiana. Mambo ya nyumbani na ya mwili mpeleke kwa Mshauri wa Wanafunzi, kule kuna watu waliosomea.

Jambo jingine: orodha yako usiiweke kwenye kundi la WhatsApp. Nimeona mwalimu kabandika majina ya "walio hatarini" kwenye kundi la darasa zima eti wajue. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, lakini hata bila sheria, unamfuata mtu kwa sababu ana aibu halafu unamwanika?

Mbongo_wa_Bronx

Nimesoma uzi wote, nachangia kutoka huku. Nafanya kazi hiyohiyo kwenye chuo cha miaka miwili New York.

Mjadala wa Mzee na Msuli huku ni wa zamani sana. Mwaka 1975 Robert Glennen, akiwa Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas, aliandika kwamba mshauri asisubiri mwanafunzi aje, amwite kabla mambo hayajaharibika. Kuna waliolalamika kwamba ni kuingilia maisha ya watu wazima. Leo ni jambo la kawaida.

Ila msidanganyike kwamba simu pekee inatosha. Vyuo vya jiji hili, CUNY, vilianzisha mpango unaoitwa ASAP mwaka 2007. Watafiti wa shirika la MDRC waliufuatilia kwa kugawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wakichukua wa kipato cha chini waliohitaji masomo ya kuwainua kwanza. Baada ya miaka mitatu, waliokuwa ndani ya mpango walihitimu asilimia 40, na wenzao wa nje asilimia 22. Ndani yake kulikuwa na nini? Mshauri mwenye wanafunzi 60 hadi 80 tu, ambaye kuonana naye ni lazima, LAKINI pia vitabu, pengo la ada kuzibwa, na kadi ya usafiri ya mwezi. Kadi hiyo huipati kama hushiriki. Kwa hiyo hata asiyependa ushauri alifuata nauli, akashauriwa.

Dawati_la_Tatu umenikumbusha chuo kikuu cha Georgia State kule Atlanta. Wao kuanzia 2012 kompyuta inapitia kumbukumbu za kila mwanafunzi kila siku kutafuta dalili zaidi ya 800, mshauri anapata taarifa. Watu wanasifia kompyuta. Mimi nasifia kitu kingine walichofanya: waliona wanafunzi wanaofutwa kwa madeni madogo, wakaanza kuwalipia kiasi hicho kidogo ili wamalize. Hiyo haihitaji kompyuta, inahitaji mtu wa masomo na mtu wa fedha waongee.

Kuna na upande mbaya. Mwaka 2016 kwenye chuo cha Mount St. Mary's, Maryland, iligundulika kwamba rais wa chuo alitaka dodoso la wanafunzi wapya litumike kuwatambua watakaoshindwa, waondolewe mapema ili takwimu za chuo zipendeze. Alijiuzulu mwaka huohuo. Kwa hiyo Mkufunzi, idara yako ikiipenda orodha yako, uliza kwanza wanaitakia nini.

Mkufunzi_Mgeni

Mmenipa zaidi ya nilichoomba. Bi_Chuoni, ndiyo, ni mwanamume, na hilo la usiku nimelisikia. Leo nimekwenda dawati la mikopo la kwetu. Afisa alishangaa, anasema mwalimu hajawahi kufika pale zaidi ya kuulizia mtoto wa ndugu yake. Majina siwezi kupewa na ni sawa, ila tumekubaliana nikimtuma mwanafunzi na kikaratasi chenye sahihi yangu atamsikiliza siku hiyohiyo.

Nimekwama kwenye ujumbe wenyewe. Nimeandika na kufuta. Kila nikiandika unasikika kama wito wa mahakama.

Msuli_wa_Alfajiri

Mkuu, andika hivi:

"Habari Juma. Ni mwalimu wako wa takwimu, pia mshauri wako wa kitaaluma. Jumatano saa nane mchana nipo chumba cha semina, napitia swali la 2 na la 4 la testi pamoja na wenzako wachache. Njoo na karatasi yako. Kama muda huo una kipindi, niambie nikupangie mwingine."

Neno "hatari" lisiwemo, wala "kufeli", wala "maendeleo yako". Umempa siku, saa, na kitu cha kushika mkononi. Ya bumu na ada utayauliza mkimaliza swali la 4, wenzake wakishaanza kutoka.

Mzee_wa_Nkrumah

Sijabadili msimamo wote. Lakini hilo la karatasi ya testi nalikubali, maana ni kazi, siyo kubembelezana. Sharti langu: asitoke pale bila kazi ya kwenda kufanya na tarehe ya kukuletea. Asipoleta mara ya kwanza mkumbushe. Asipoleta tena, nenda kwa mwingine, una sabini. Na wenye 8 na 9 kati ya 20 usiwasahau kwa kuwakimbilia wenye 3. Wale wa katikati msukumo mdogo unawavusha.

Jirani_wa_Hosteli

Sasa bila utani. Mwalimu, orodha yako umeitoa kwenye testi na mahudhurio, siyo? Kuna watu hawamo kabisa. Waliopata chuo raundi ya mwisho ya udahili walifika wiki ya nne au ya tano, testi ilikuwa imeshapita, na baadhi hata usajili wa masomo haujakamilika. Kwenye karatasi yako hawana sifuri, hawana kitu. Chumbani kwetu tuko nao wawili, wamebebwa kwenye kitanda cha mwenzao, na mmoja anaulizia kama bado inawezekana kufanya hiyo testi.

Mkufunzi_Mgeni

Hao sikuwawaza. Inawezekana, kanuni zetu zinaruhusu testi maalumu kwa aliyechelewa udahili, ila aombe kwa barua kupitia mkuu wa idara. Kama ni wa chuo chetu waje wote wawili Jumatano, waje na barua za udahili. Kama ni chuo kingine, wamuulize mshauri wao swali hilohilo wiki hii.

Jirani_wa_Hosteli

Ni chuo kingine. Mshauri wao hawamjui ni nani.

Bi_Chuoni

Jina liko ofisi ya idara, kwa mwandishi mahsusi. Waende kesho asubuhi.