Mrejesho: Nimefika Mwanza na mtoto wa miezi minne

Wapendwa, mimi ndiye niliyeuliza kama naweza kupanda ndege Dar hadi Mwanza nimempakata mwanangu wa miezi minne. Tumefika salama, asanteni.

Kaunta walitaka cheti cha kuzaliwa. Bahati kilikuwa kwenye mkoba wa nepi. Hakupewa kiti, maana hajafika miaka 2. Ndani mhudumu akaleta mkanda mdogo, unapitishwa kwenye mkanda wangu kisha unamfunga mtoto kiunoni. Na mimi nilishajiandaa na kanga!

Hofu ya masikio ya mtoto kuuma angani ndiyo iliyokuwa inaninyima usingizi. Aliyesema nimnyonyeshe ndege ikipaa, ubarikiwe, ila nilikosea: nilianza tukiwa bado chini, foleni ikawa ndefu, akashiba akalala. Kupaa hakushtuka. Kushuka sasa! Ziwa Victoria hilo dirishani, ziwa la mama amelikataa, kilio ndege nzima. Bibi wa siti ya pili akaniambia, "Mpe kidole anyonye, mwanangu." Nikakipangusa, nikampa. Magurudumu yanagusa ardhi, yeye yuko na kidole chake, kimya, ananikodolea macho kama si yeye.

Kurudi ni wiki ijayo. Safari hii simnyonyeshi mpaka injini zingurume.