Naomba ushauri: binti yangu anasoma kwa kudonoa silabi

Habari zenu ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 8. Herufi anazijua zote, silabi pia, hata zile ngumu zenye "mbw" na "ngw" hazimsumbui. Shida ni kasi. Jana alikutana na neno "walipokutana", akasoma wa-li-po-ku-ta-na, kidole kikitambaa chini ya kila silabi, na alipofika mwisho alishasahau sentensi ilianzaje. Nikimsomea mimi hadithi hiyohiyo anaisimulia yote bila kuruka kitu, kwa hiyo kuelewa anaelewa.

Kwa wiki mbili sasa namsomea aya moja, tunaisoma pamoja kwa sauti, kisha anairudia peke yake mara tatu. Mara ya tatu huteleza vizuri, na uso unang'aa. Lakini nahofia anaikariri tu, maana nikimpa aya mpya tunarudi palepale.

Mliopitia hili, niendelee na aya ileile siku kadhaa au nibadilishe kila siku? Na akikwama kwenye neno, nimtajie mara moja au nimwache ajaribu kwanza? Roho inaniuma, ameanza kuficha kitabu.